Barua za Nyumba Yenye Eda

Kuna kitu kimoja hawakufundisheni kwenye ile semina ya siku mbili kabla hamjapewa jaketi la posta, nacho ni kuogopa bahasha. Kuogopa mbwa wanafundisha. Kuogopa ngazi zenye barafu wanafundisha, mpaka picha wanaonyesha, mtu kaanguka kifudifudi na barua zimemwagika. Bahasha hawaitaji. Basi mie, kwa kuwa mmenishika juzi pale msikitini baada ya alasiri mkasema mzee tupe siri za kazi, siri yangu ni hiyo. Ogopeni bahasha. Mengine yote mtayajua wenyewe miguu ikishaanza kuuma.

Mie nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza, baba alinitoa nikakae naye kwenye cherehani. Kiingereza changu nimekisoma kwenye bahasha. Maneno yangu ya mwanzo ni majina ya mitaa. Kulikuwa na mtaa unaitwa bustani kadha wa kadha, nikafunga safari kwa hamu, Unguja mie sikuzoea kuishi bila miti, nikafika nikakuta magorofa matatu na mapipa ya taka. Wiki yangu ya kwanza niligawa barua za mtaa mzima kwenye mtaa mwengine wenye jina lile lile, mmoja njia na mmoja kichochoro, namba zote zikalingana. Watu arobaini wakapata barua za wenzao. Bibi mmoja wa Kizungu akanifuata na kandambili mpaka njia panda, ananipungia bili ya gesi. Nilidhani ananishukuru.

Aliyenifundisha kazi ni mzee wa Kijamaika, Desmond. Mie akiniita Zanzi. Yeye ndiye aliyenambia nisitie vidole kwenye tundu la barua mlangoni, maana nyuma ya tundu kuna mbwa aliyekaa kimya anakungoja tangu asubuhi. Nitumie kijiti, akasema, nisukumie barua ndani. Mie kijiti sina, nikachukua mwiko wa mke wangu. Marehemu alitafuta mwiko ule miezi mitatu, akamshuku jirani. Siku aliyouona mkobani mwangu, una alama za meno ya mbwa pande zote mbili, akaenda kununua mingine miwili, mmoja akaufunga utepe akanipa. Haya, tumieni mwiko. Wa mbao, wa plastiki unakatika.

Nilikuwa nasema bahasha.

Ofisini kila mtu ana fremu yake, lile kabati la vishimo, kishimo kimoja nyumba moja. Unasimama mbele yake unapanga, mkono unakwenda wenyewe. Siku moja Desmond akaniwekea barua mbili kiganjani. Ya kwanza ya benki, nene, karatasi ngumu. Ya pili nyeupe, nyembamba, ina dirisha, na nyuma pameandikwa sanduku la posta la kuirudishia tu, jina la mtumaji hamna.

"Unahisi uzito?" akaniuliza.

"Hii ya pili sihisi kitu."

"Hiyo ya hospitali. Hawaandiki jina nyuma ili jirani asijue. Zoea hilo sanduku la kurudishia, hospitali moja sanduku moja. Halafu hesabu. Ya kwanza inamwita mtu. Ya pili inamuuliza mbona hukuja. Ya tatu inamfuta."

"Inamfuta vipi?"

"Wanamtoa kwenye orodha, Zanzi. Wanasema huyu hataki."

Akanipa na sheria yake moja, barua ni ya mlango. Umeandikiwa mlango gani, peleka mlango huo. Usimpe mtu njiani hata akikuonyesha kitambulisho, hata akiwa mumewe. Nikaishika miaka yote ile. Nikaja kuivunja mara moja, na niliivunja kwa adabu zangu, nikajiona mtu mwema kabisa.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Nyinyi mmekuta mambo yameshakuwa hivi, hamjui kwamba zamani barua ndiyo iliyokuwa mfalme. Tulikuwa tunatoka hakujapambazuka sawasawa, saa tatu asubuhi watu wanasoma barua zao kwenye chai. Sasa vifurushi kwanza. Mtu kaagiza viatu vitatu avijaribu arudishe viwili, hivyo havilali ofisini, mashine ya mkononi inapiga kelele, meneja anaona kila kimoja kiko wapi. Barua haina wa kuipigia kelele. Mwenzenu akiumwa, au akiacha kazi na nafasi yake isijazwe, barua za ruti yake, ile mitaa anayogawa, zinabaki kishimoni. Jumatatu zimebaki, Jumanne zimebaki, Jumatano mnaambiwa kila mtu achukue kipande. Mie nimeona vishimo vimeshindiliwa mpaka bahasha zimepinda mgongo. Tukipita karibu navyo tunaangalia pembeni, kama mtu anayepita kwa aliyemkopa. Na ndani ya vishimo vile, zile bahasha nyeupe nyembamba zilikuwamo. Tulizijua. Mikono ilizijua.

Basi kwenye ruti yangu kulikuwa na nyumba ya Wapemba, Mzee Hamad na mkewe Bi Raya. Mzee Hamad akafariki, Mungu amrehemu, nilikwenda maziko. Bi Raya akakaa eda. Nawaambia na nyinyi mliozaliwa hapa, maana wengine mnalisikia neno tu: mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatii udi, haolewi, hatoki pasipo haja. Binti yao Salma anafanya kazi Hayes, kwenye maghala ya kule uwanja wa ndege, anakuja Jumapili na vyakula. Nyumba ya nne kutoka hapo anakaa mdogo wake marehemu, Khamis, dereva wa teksi, mtu mzuri, mwepesi wa kusaidia, na hilo ndilo lililotuponza.

Ijumaa moja, maziko yana kama wiki mbili, akanikuta napanda mtaa na kigari changu.

"Yakhe Seif. Barua za nyumba ya marehemu nipe mie."

"Kwa nini?"

"Shemeji yuko edani. Wewe mwanamume, kila siku uko mlangoni pake, unagonga na vifurushi. Haipendezi. Na barua zenyewe za marehemu tu hizo, pensheni, umeme, sijui manispaa. Zinamliza. Nitaziweka, eda ikisha Salma atazisoma zote."

Nikaona kasema kweli. Desmond alishakufa, na hata angekuwapo ningemwambia wewe hujui eda. Nikatoa kifurushi kidogo cha barua za nyumba ile, kimefungwa mpira, nikampa palepale. Tukaombeana dua. Nikaenda zangu nafsi imetulia.

Ikawa ndiyo mtindo. Barua zikichelewa ofisini siku nane, kumi, zikitoka zinakwenda kwa Khamis, Khamis anazitia kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango wa jiko lake. Mlango wa Bi Raya nikaupita bila kugeuza shingo, kwa heshima. Pazia lilikuwa linatikisika nikipita. Nikijiambia, masikini, anachungulia watu.

Ijumaa nyengine, imeshapita kama miezi miwili, nilikuwa kwenye fremu napanga mzigo uliolala. Mkono ukashika bahasha, ukataka kuitia kwenye kishimo cha nyumba ile, ukakataa. Sijui niwaelezeje. Nyeupe, nyembamba, dirisha. Nikaigeuza. Lile sanduku la kurudishia nililijua, na nikajua nimeshalishika mara mbili kwa nyumba hiyo hiyo. Nikaigeuza tena nikasoma dirishani, jambo ambalo sikulifanya hata siku moja kwa zile zilizotangulia, maana tangu kifo mie nilikuwa nikitazama namba ya nyumba basi. Halikuwa jina la Mzee Hamad. Lilikuwa la Bi Raya.

Nilikaa juu ya kreti. Jasho lilinitoka miguuni, jasho la nyayo, nilikuwa silijui kama lipo. Jirani yangu kazini akaniuliza kama sukari imeshuka, akanipa biskuti.

Sijui niliifanyaje ruti siku ile. Vifurushi vya watu nilivibwaga milangoni kama matofali. Saa nane mchana nikawa kwa Khamis, karudi kutoka msikitini, bado ana kanzu.

"Nipe zile barua."

"Zipi? Za marehemu?"

"Zilete zote, Khamis."

Akauleta mfuko. Tukazimwaga juu ya boneti la teksi yake. Za marehemu zilikuwa nyingi, kweli. Na mbili nyeupe nyembamba, dirishani jina la mkewe. Khamis akaziokota akazitazama, akazirudisha chini taratibu.

"Mie niliona barua tu," akasema. "Wallahi niliona barua tu."

"Na mie."

Tukaenda. Njia ya nyumba nne, niliiona ndefu kuliko ruti nzima. Nikagonga, halafu nikapiga goti nikainua kile kibati cha tundu la barua, nikasema kwa ndani, macho nimeyaelekeza chini.

"Hodi Bi Raya. Seif wa posta. Tuko na shemejio."

Nikasikia kandambili kwenye sakafu.

"Leo umekumbuka mlango wangu?"

"Nisamehe. Nina barua zako tatu. Zinaonekana za hospitali."

Sauti yake ilipotoka ilikuwa chini, karibu na tundu, nikajua na yeye kakaa sakafuni.

"Kabla mzee hajafa nilikwenda kupigwa picha ya kifua. Lile gari la kuwapima kina mama matiti, linaloegeshwa pale sokoni. Wakanambia majibu yatakuja kwa barua. Nikawa namtazama posta anapita. Wewe. Kila siku unapita. Nikasema alhamdulillahi, hawajaandika, basi sina kitu."

Vijana, hilo ndilo nililotaka mlisikie, kama mtasahau ya mbwa na ya mwiko basi hilo lishikeni. Mtu akingoja barua ya hospitali, siku mliyokosa kuipeleka yeye haioni kuwa ni siku ya kuchelewa. Anaisoma. Anaisoma kuwa ni jibu, na jibu lenyewe ni kuwa mzima.

"Na kile kidonge cha uvimbe kifuani?" akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Nilikihisi. Nikasema wao wana mashine, wangekiona wangeandika."

Nikazisukuma zile tatu ndani. Nikasikia anachana bahasha. Halafu kile kibati kikainuka kwa upande wake, na barua zikatoka nje, moja baada ya nyengine, zinanijia mie. Miaka yote ile nimetia karatasi kwenye matundu ya watu, sijapata kuona tundu likinirudishia.

"Nisomee. Salma yuko kazini, hashiki simu mpaka saa kumi na mbili."

"Bi Raya, mie siruhusiwi kusoma barua ya mtu."

"Hukuruhusiwa kumpa Khamis vilevile."

Nikasoma. Ya kwanza inamwita arudi akapigwe picha zaidi, siku imetajwa, Jumatatu. Ya pili inamwambia hukuja, na siku nyengine imetajwa, nayo ilishapita barua ikiwa bado imelala kwenye kishimo chetu. Ya tatu inasema kwa kuwa hukuja mara mbili tunakurudisha kwa daktari wako wa mtaa, ila ukitaka bado, tupigie simu ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe iliyo juu. Nikaitazama tarehe iliyo juu. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa vidole vya mkono mwengine. Ilikuwa siku ya kumi na tatu, na kesho yake ni Jumamosi, ambapo simu ile haishikwi na mtu. Saa kumi na nusu wanafunga. Ilikuwa saa tisa kasoro.

Bi Raya akapiga kwa simu yake, akaifungua sauti akaiweka kwenye tundu la barua, mie nimepiga goti huku na yeye kule, Khamis kasimama karibu na pipa kanzu yake inapeperuka. Muziki ukaanza. Sauti ikatuambia simu yetu ni muhimu. Muziki tena. Mashine yangu mkononi ikaanza kulia, maana ukisimama mahali pamoja inakushitaki. Meneja akapiga.

"Seif, uko nyumba hiyo dakika ishirini. Kuna nini? Mbwa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Mbwa mkubwa."

"Amekuuma?"

"Bado."

Mungu anisamehe. Saa kumi na dakika kumi mwanamke akashika simu. Akataka jina, akapewa. Akataka tarehe ya kuzaliwa. Bi Raya akatuuliza sisi.

"Wameniandika mwezi gani jamani? Anayeijua Salma."

Yule mwanamke akarudia, kwa upole, lakini nikasikia kidole chake kinagonga meza. Bila tarehe hafungui kitu.

"Shemeji," Khamis akasema kutoka kwenye pipa. "Si tarehe mosi Januari? Sote tusiojua tarehe tulipoingia nchi hii tuliandikwa mosi Januari."

"Ya nani hiyo?"

"Yetu sote. Mwambie."

Akamwambia, na mwaka akaukisia. Ikawa ndiyo. Wakampa Jumanne, saa nne asubuhi. Mie nikafasiri, yeye akakariri mara tatu, simu ikakatika.

Khamis akakohoa. "Lakini shemeji, eda. Zimebaki wiki saba. Ngoja nimpigie maalim tuulize kama kutoka..."

Mlango ukafunguka upana wa mnyororo. Sikumtazama, niliona ncha ya buibui na mkono umeshika ukingo.

"Khamis. Eda imenikataza udi na hina. Imenikataza kuposwa. Kwenda kwa daktari haikunikataza, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Na barua zangu haikunikataza. Hizo mmenikataza nyinyi, wewe na huyu, mkafanya ndiyo dini."

Khamis akasema, "Tulikustahi, shemeji."

"Najua. Jumanne saa tatu teksi iwe hapa. Na binti akija Jumapili, hayo utamwambia wewe mwenyewe."

Mlango ukafungwa. Tukashuka njiani, hatukuagana.

Kidonge kilikuwa saratani kweli. Wakamkata, wakamtia dawa, nywele zikaenda, wakamchoma miale. Daktari alimwambia Salma kingekuwa kidogo kama wangekipata pale mwanzo, kidogo kiasi gani hakusema. Salma alinikuta njiani siku moja, bado ana fulana ya kazi. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia, anajibu Kiingereza. Hakugomba. Aliniuliza ile barua ya kwanza niliishika siku gani. Ningeweza kusema sikumbuki, ofisi ilikuwa imevurugika, kila mtu angeniamini. Lakini nilikuwa nakumbuka, ilikuwa kwenye kile kifurushi cha kwanza nilichompa Khamis njiani.

"Ijumaa," nikamwambia. "Miadi ilikuwa Jumatatu."

Akahesabu, nikaona midomo yake inahesabu. Akasema okei. Akapanda basi. Mpaka leo natamani angenitukana.

Mimi ofisini nilijishitaki mwenyewe, nikaandikwa onyo. Kwa barua zilizolala kishimoni siku kumi hakuandikwa mtu.

Bi Raya yupo. Kila mwaka anapigwa picha upya, na kila mwaka kuna wiki hizo za kungoja. Ananipigia, najua ni yeye kabla sijatazama.

"Imekuja?"

"Bi Raya, mie nimestaafu. Niko Ilford."

"Najua. Nauliza tu."

Mwaka huu picha kapigwa, na leo ni wiki ya tatu. Hatungoji tena kama zamani, jana tumepiga simu hospitali, mie kwangu yeye kwake, Salma katikati. Wamesema barua imeshatumwa, tangu wiki ya juzi. Yaliyomo hawayasemi kwenye simu. Anasema amejipapasa na hajui alichohisi. Sikulala.

Sasa mmoja wenu amepewa ruti yangu, mtaa wa Bi Raya umo, nimeulizia nikaambiwa. Sikutaji jina mbele ya wenzio. Najua umeanza majuzi, najua vifurushi vimekufika shingoni na meneja yuko nyuma yako. Kesho asubuhi, kabla hujagusa kifurushi cha kwanza, tia mkono kwenye kishimo cha nyumba ile uchakure mpaka chini, zilizopinda zote zitoe. Ukiikuta, usimpe Khamis, na mie usiniletee. Nenda ukagonge, ungoje, anatembea polepole siku hizi.